Firigisi ya Kishingo

Ramula alikuwa na kuku kumi na mmoja na vitanda viwili. Kimoja kilikuwa cha kulalia, na hicho aligawana na mumewe Siraj. Cha pili kilikuwa cha kufumia. Kilisimama kwenye baraza ya nyuma ya nyumba yao pale Walukuba, mjini Jinja, mbao za mvule zilizochongwa na seremala wa Bugembe, na hicho hakugawana na mtu. Ukitaka kumwona Ramula amewaka, njia ya mkato ilikuwa kuweka kikombe cha chai juu ya kitanda chake cha kufumia.

Alifuma mitandio, vitambaa vya meza na mbeleko za watoto. Wanawake walitoka mpaka Buwenge kuja kupapasa kazi zake. "Hii mikono ya Ramula!" walisema, naye angeinamia nyuzi akijifanya hakusikia, kisha angeuliza, "Umesemaje?" ili lirudiwe.

Kuku nao walikuwa na kazi yao. Mayai yao yalinunua pamba, na pamba ikawa mitandio. Walitembea uani siku nzima chini ya kamba alikoanika nyuzi, na hapo ndipo palipokuwa na siri. Kila mfumi hulisha nyuzi zake uji kabla ya kuzitanda. Uji wenyewe ni mwepesi, wa muhogo. Nyuzi huloweshwa humo, zikakamuliwa na kuanikwa, na zikikauka huwa ngumu, hazikatiki ovyo zikivutwa. Lakini uji ni uji hata ukikauka kwenye uzi, na kuku ni kuku. Ramula alikuwa akitia ndani ya uji wake maji ya majani ya mwarobaini. Kuku akionja mara moja, alitikisa kichwa, akafuta mdomo mchangani, na hakurudi tena.

Jambo hilo hakumfundisha mtu yeyote, hata Juwairiya.

Juwairiya alikuwa binti wa mama mdogo wa Ramula, na Ramula alimzidi miaka kumi na miwili. Alipoachika alikuja Walukuba na sanduku moja, akakaa mwaka na miezi, akajifunza kufuma. Ramula alimwonyesha kupanga mtande, zile nyuzi za urefu zinazofungwa kitandani, na kupitisha mshindio, uzi unaokwenda huku na huko katikati yake. Alimwonyesha rangi, mapindo, na namna ya kuunga uzi uliokatika bila fundo kuonekana upande wa mbele. Ila majani ya mwarobaini aliyachemsha asubuhi mapema, Juwairiya akiwa bado kwenye msala, na makapi akayatupa nyuma ya choo. Alijiambia kwamba Juwairiya hana kuku, basi ya nini? Ukweli ni kwamba Juwairiya alikuwa ameshika kile kijiti cha kupitishia mshindio siku ya kwanza kama mtu aliyezaliwa nacho mkononi, na Ramula aliona wivu siku hiyo hiyo, kabla hata ya chai ya saa nne. Alitaka abaki na kitu kimoja ambacho mwenzake hana.

Baadaye Juwairiya akarudi Mbale. Akaanza na kitanda kimoja, vikawa vitatu. Hilo Ramula angeweza kulimeza. Lakini Habibah, mtoto wake wa pekee, naye akapata kazi ya ualimu huko huko Mbale, akaenda kukaa kwa Juwairiya. Kila likizo alirudi nyumbani na hadithi. Mama mdogo anapika pilau ya namna hii. Mama mdogo amenishonea hiki. Mama mdogo anasema nisisuke nywele zangu hivyo.

"Mama mdogo anasema!" Ramula alimwambia Siraj. "Mimi nilikuwa bubu miaka yote hiyo?"

"Mtoto anaongea tu," Siraj alijibu. Watu walimwita Afande kwa sababu ya koti lake la ulinzi wa kiwandani, lakini hakuna mtu aliyewahi kumwona akipigana na chochote.

Habibah alipochumbiwa na Wanyera, kijana mpole wa Mbale, Ramula alifungua kasha lake na kutoa nyuzi alizokuwa amezitunza miaka miwili, pamba laini kuliko zote alizowahi kununua. Zilikuwa za mtandio wa arusi. Akaziweka kwenye kikapu kando ya kitanda, akangoja mtoto aseme. Hakutaka kujipeleka. Mama hawezi kumwomba mwanawe kazi kama fundi wa barabarani. Alingoja wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Habibah alipiga simu akazungumza juu ya sufuria, juu ya viti, juu ya shehe atakayefungisha ndoa. Juu ya mtandio hakusema neno.

Aliyesema ni Owino, mwenye pikapu iliyobeba mizigo ya watu kati ya Jinja na Mbale.

"Mama Habibah, huko Mbale kazi iko moto," alisema akishusha gunia la pamba. "Nilikuta Juwairiya ametanda ile nyuzi ya buluu na ya manjano. Nikauliza, hii ni ya nani? Akasema ni kazi ya arusi. Habibah ndiye amemwambia afume. Ee, ile kitu itakuwa safi!"

Ramula alimshukuru na kumpa chai. Owino alipoondoka, Ramula alikaa kwenye kiti chake cha kufumia. Alikuwa amemzaa Habibah, amemlea, amemsomesha kwa mitandio na mayai. Na siku ambayo Jinja nzima itatazama bega la mtoto huyo na kuuliza nani kafuma, jina litakalotajwa ni la Juwairiya. Waalikwa wote watakuwa pale, wateja wake wa miaka ishirini. Watasema mtoto mwenyewe amemkimbia mama yake kwenda kwa fundi bora. Wivu ulimpanda kutoka tumboni mpaka masikioni, akausikia ukivuma.

"Buluu na manjano," alisema kwa sauti, peke yake. "Hata rangi nimemfundisha mimi."

Jogoo wake alipita akiwika kwa sababu zake mwenyewe. Ramula akawatazama kuku wake chini ya kamba, wakichakura kwa adabu, hakuna hata mmoja anayeinua shingo kuzitazama nyuzi. Hapo ndipo wazo lilipomjia, na lilipomjia hakulifukuza.

Hakujidanganya kwamba anatoa zawadi. Alichagua wale watatu waliokuwa na njaa ya kudumu. Wawili walikuwa matetea, na wa tatu alikuwa Kishingo, yule jike asiye na manyoya shingoni, ambaye aliwahi kufungua mfuniko wa debe la unga kwa mdomo na kuwaita wenzake. Siku nzima hakuwapa punje. Jioni aliwatia kwenye tenga, akaenda kulipakia kwenye pikapu ya Owino.

"Mwambie Juwairiya ni zawadi yangu kwa ajili ya arusi," alisema. "Mwambie hawa kuku wamezoea kuwa huru. Asiwafungie. Wakifungiwa wanasusa kutaga."

"Ee, Mama Habibah, wewe una moyo mzuri sana," Owino alisema.

"Moyo ni kitu gani," alijibu Ramula, akageuka haraka.

Siku iliyofuata Juwairiya alipiga simu. Alishukuru mpaka akakosa maneno. Alisema hakuna ndugu aliyewahi kumkumbuka hivyo tangu aachike, na kwamba yule mwenye shingo tupu ana vituko, tayari amemzoea. Ramula alisema, "Haya, haya, mdogo wangu, ni kitu kidogo," na alipokata simu aliifuta kwa kanga kama iliyomwagikiwa mafuta.

Baada ya hapo kimya. Zikapita siku nne, tano. Ramula alifuma mbeleko ya mteja wa Buwenge na kukosea mara mbili, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu ujana wake. Mchana alicheka peke yake akimwona kwa mawazo Kishingo juu ya mtande wa Juwairiya. Baada ya kucheka alikosa hamu ya kula. Kisha shule zikafungwa na Habibah akarudi nyumbani na masanduku yake, uso umejaa furaha ya bibi arusi, na wala hakutaja mtandio. Ramula hakuuliza. Arusi ilikuwa imebaki wiki moja.

Jumatatu mchana Habibah alitoka na shoga zake kwenda mjini. Ramula alifungua kabati na kutoa mtandio wa dukani, wa kijani, uliochoka pembeni. Huo ndio aliokuwa akijifunga kila sikukuu. Yake mwenyewe hakuwahi kuvaa. Ikitoka kitandani tu ilikuwa na mwenyewe.

"Huu utafaa arusini?" alimuuliza Siraj, ambaye alikuwa akikata kucha mlangoni.

"Weka huo. Wako unakuja."

"Wangu upi?"

"Ule wa Mbale," Siraj alisema, na papo hapo akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Ah! Mimi mtu gani! Mtoto aliniapisha!"

"Afande," Ramula alisema taratibu, "umesema nini?"

Ikabidi aseme yote. "Habibah aliona hivi. Alisema, mama amefunika mabega ya Jinja nzima, lakini yeye mwenyewe anajifunga kitu cha dukani. Anataka siku ya arusi akufunike yeye, mbele ya watu. Sasa atakuambia wewe ujifumie zawadi yako mwenyewe? Ndiyo akamwomba Juwairiya. Na Juwairiya akasema hatapokea hata shilingi, kwa sababu wewe ndiye uliyemwokota. Tafadhali, jifanye hujui. Ukishangaa siku hiyo, ushangae vizuri."

Ramula aliketi kitandani, hiki cha kulalia. Alimpigia Juwairiya simu mara tatu na haikupokelewa.

Asubuhi alimwambia Habibah kwamba anakwenda Mbale kuwaalika ndugu kwa mdomo, kwa kuwa wengine wakialikwa kwa simu wananuna, na kwamba huenda akachelewa siku mbili tatu. Njia nzima alikuwa akipiga hesabu. Labda Juwairiya hakuwaachia. Labda kuku wameugua njiani. Labda Kishingo amekanyagwa na boda. Alimwombea kuku wake mwenyewe ajali, na hakuona haya.

Nyumba ya Juwairiya ilikuwa Namakwekwe, na ukisimama uani ungeuona mlima Wanale umeinama juu ya mji. Juwairiya alifungua mlango, macho yamevimba. Alipomwona Ramula alimkumbatia na kuanza kulia upya.

"Dada, umejuaje? Nani amekuambia?"

"Kuambiwa nini?"

Juwairiya alimshika mkono akampeleka uani. Vitanda viwili vilikuwa sawa, vina kazi za watu zilizokwisha karibu. Cha tatu kilikuwa kimefunikwa shuka. Aliivuta. Ramula aliona kipande kilichokwisha kufumwa, urefu wa mkono mmoja, buluu iliyoiva na pindo la manjano ya bizari, kazi safi. Aliona pia kilichobaki. Robo nzima ya mtande, upande wa kushoto, ilikuwa imenyofolewa. Nyuzi zilining'inia zikiwa zimekatika, nyingine fupi, nyingine ndefu, nyingine hazikuwepo kabisa.

"Nilikwenda sokoni tu," Juwairiya alisema. "Narudi, nakuta yule mwenye shingo tupu amesimama juu kabisa, na wenzake chini. Wamekula uji wote. Dada, nimechanganyikiwa. Siku mbili nimeshindwa hata kushika simu. Habibah nitamwambia nini? Na wewe umeniletea zawadi kwa roho safi, sasa naanza kuichukia."

Ramula aliirudisha ile shuka juu ya kitanda.

"Leo huyo ndiye mboga yetu," Juwairiya aliendelea, akijifuta kamasi kwa kanga. "Unisamehe. Najua si vizuri kuchinja zawadi mbele ya mwenyewe. Lakini umekuja mgeni, na siwezi kumwangalia tena."

Jirani, Mzee Mafabi, akaitwa, akachinja, akaenda zake. Wanawake wawili wakakaa kwenye vigoda wakinyonyoa. Juwairiya alikuwa na mikono ya haraka kila mahali, hata kwenye manyoya, na Ramula aliigundua hata hapo, na hata hapo ikamuuma. Juwairiya alipasua kuku, akatoa maini, akatoa firigisi. Akaipasua firigisi kwa kisu ili aioshe.

Ndani yake palikuwa na changarawe chache na donge la uzi. Donge lilikuwa la buluu na manjano, limeviringika kama kitu kilichosokotwa kwa makusudi.

Juwairiya aliliweka kiganjani akalitazama. Akalitazama sana. Ramula alijua akili ile ilivyokuwa ikifanya kazi. Alikuwa ameiona ikijifunza pindo gumu kwa siku moja.

"Dada," Juwairiya alisema, "mimi nilikaa kwako mwaka na miezi."

"Ndiyo."

"Nyuzi zilianikwa juu ya vichwa vya kuku. Uji ule ule wa muhogo. Huyu shingo tupu hakuwepo, lakini mama zake walikuwepo. Sikuwahi kuona hata mmoja akinyanyua shingo. Kuku wako unawapa nini?"

Kulikuwa na majibu mengi. Kuku wangu wana adabu. Kuku wangu wanashiba. Mbale kuna baridi, njaa inazidi. Ramula aliyapitia yote moyoni na kila moja lilikuwa jepesi kusema. Akalitazama lile donge.

"Si kuku," alisema. "Ni uji. Natia majani ya mwarobaini."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Kabla hujaja."

"Hukuniambia."

"Sikukuambia."

"Halafu ukaniletea kuku."

"Nikakuletea."

"Ukasema nisiwafungie."

"Nikasema."

Juwairiya aliweka kisu chini. Hakupiga kelele, na Ramula angependa apige.

"Unajua nguo hii ni ya nani?"

"Najua. Siraj amenipasulia jana."

"Jana." Juwairiya alitikisa kichwa. "Yaani kuku walipotoka Walukuba, ulidhani ni ya Habibah. Ulidhani ni nguo ya arusi ya mtoto wako, dada. Wa kumzaa mwenyewe. Na bado ukatuma kuku. Ilipokuwa yako ndipo ukapanda gari."

Ramula angekanusha, lakini ilikuwa kweli, na ilikuwa kweli kwa namna ambayo yeye mwenyewe hakuwa ameitazama mpaka iliposemwa na mtu mwingine, uani, kati ya manyoya. Alikuwa tayari kumwona mwanawe akisimama mbele ya watu bila mtandio, mradi tu mtandio huo usiwe wa Juwairiya.

"Nilikuonea wivu," alisema. "Nakuonea hata sasa. Nakuangalia ukinyonyoa kuku nakuonea wivu."

"Hilo nalijua tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nasikia harufu ya majani asubuhi, nikajua kuna kitu unanificha. Nikasema, aa, mwache dada awe na lake. Nilidhani wivu wako utaukalia mwenyewe, kama watu wengine."

Akaamka, akaenda jikoni. Chakula kilipoiva aliweka sahani mbili za wali mkekani. Kwa kawaida firigisi hupewa mwenye heshima yake. Juwairiya aliichukua kwa vidole, imekaangwa vizuri na vitunguu, akaiweka juu ya wali wa Ramula.

"Kula," alisema. "Ni yako."

Ramula alikula. Ilimchukua muda mrefu kuimeza.

Walipomaliza, Juwairiya alinawa na kusimama kando ya kitanda cha tatu. "Mimi mkono wangu hauwezi tena kugusa kitu hiki. Utaunga nyuzi wewe, utafuma wewe, mpaka mwisho. Zimebaki siku chache. Na siku ya arusi, watu wakiuliza nani kafuma, nimefuma mimi. Habibah aliniomba mimi. Sitamharibia mtoto furaha yake kwa kumweleza upuuzi wa mama yake."

"Sawa."

"Sawa kweli, au sawa ya mdomoni?"

"Sawa kweli," Ramula alisema, akielewa alichokubali.

Alikaa siku tatu. Aliunga uzi mmoja mmoja, ncha kwa ncha, mafundo madogo kiasi kwamba ungeyatafuta kwa ulimi. Zilizoliwa kabisa alizitafutia nyingine, akazilisha uji upya, akazitanda. Juwairiya alizungumza naye juu ya nyuzi tu. Nipe ile. Kaza hapo. Umeacha pengo. Matetea wawili waliobaki walifungiwa bandani wakilalamika. Siku ya tatu Ramula aliinua macho akamwona Juwairiya amesimama na sufuria na tawi la mwarobaini alilokata kwa jirani.

"Majani mangapi?" Juwairiya aliuliza, akitazama pembeni.

"Viganja viwili. Chemsha bila kufunika. Ukifunika uzi unageuka kijani."

"Bila kufunika," Juwairiya alirudia, akaenda zake.

Ramula akarudi kwenye kitanda. Hakuna mtu aliyekuwa akimtazama, hakuna wa kusema "hii mikono," na labda kwa sababu hiyo mikono ilikwenda ilivyotaka. Pindo la mwisho alilifuma jinsi ambavyo hajawahi kulifuma kwa mteja yeyote. Alipokata nyuzi na kuikunjua nguo, alijua. Mfumi hujua. Ilikuwa kazi bora ya maisha yake. Akaikunja na kumkabidhi Juwairiya, naye akaipokea bila neno, akaifungia sandukuni.

Jumamosi nyumba ya Walukuba ilijaa. Shehe alifungisha ndoa, Wanyera akajibu kwa sauti ya kutetemeka, wanawake wakapiga vigelegele. Habibah akaja katikati ya wanawake, amebeba kitu kwenye karatasi, akamsimamisha mama yake. Ramula alishangaa vizuri, kama alivyoagizwa. Habibah akakunjua mtandio na kumfunika mabegani, na kelele zikalipuka uani.

Nangobi wa Bugembe, mteja wake wa miaka mingi, ndiye aliyefika wa kwanza. Alikamata pindo akalisugua kati ya vidole, akaligeuza, akalisogeza karibu na macho.

"Ee, Lamula!" alisema, akimwita kama alivyomwita siku zote. "Nyabo, mama, usikasirike. Hii imekushinda. Wewe hujawahi kufanya pindo kama hii. Nani huyu?"

Watu wakamtazama Ramula kuona kama atawaka. Walimjua. Ng'ambo ya ua, Juwairiya alikuwa akipakua pilau. Mwiko ukasimama hewani.

Ramula alikuwa na maneno mdomoni. Alikuwa nayo tangu Mbale, yamejipanga, yakingoja swali hili hili. Vidole vyake, chini ya kitambaa, vilikuwa vimegusa mafundo upande wa ndani, moja, la pili, la tatu, na kila moja alilijua.

"Ni mdogo wangu," alisema. "Juwairiya. Yule pale."

"Hongera, Juwairiya!" wanawake wakaitikia, wakamwendea, wakamzunguka, kila mmoja akitaka kujua kama anapokea kazi za Jinja. Juwairiya aliwajibu, uso umeinama kwenye sufuria.

Ramula alibaki amesimama peke yake. Alisikia wivu ule ule ukimpanda kutoka tumboni, lakini safari hii ulikuwa wa kuionea mikono yake mwenyewe, iliyosifiwa kwa jina la mwingine.

"Mama, unalia?" Habibah alimuuliza.

"Ni nguo," Ramula alisema, akajivutia mtandio mpaka shingoni. "Nguo imenipendeza."